Sewa Haji ana jengo, masista wana nini?

Mtu wa Bagamoyo akipelekwa Muhimbili ndugu zake wakipiga simu swali la kwanza ni "kalazwa wapi", na jibu huwa Mwaisela, au Kibasila, au Sewahaji. Mjomba wangu alikaa Sewahaji wiki tatu na kila siku tunapanda gari la Makumbusho kwenda kumuona, tunatamka hilo jina kama tunavyotamka Mapinga au Kerege, yaani jina la kituo tu, mpaka siku moja mzee mmoja tuliyekaa naye benchi moja nje ya wodi akatuuliza nyinyi watu wa Bagamoyo, huyu si mtu wenu? Tukabaki tunatazamana. Ni mtu wetu kweli. Sewa Haji Paroo, Muhindi wa Kiismailia, alikuwa na maduka Bagamoyo akiwafungia mizigo watu wa misafara, nguo, shanga, mpaka bunduki, pembe zikirudi kutoka bara nazo anazipokea, na pesa ile yote akaitoa kwenye shule na hospitali, shule yake Bagamoyo akataka watoto wa rangi zote wakae pamoja na hospitali aliyoigharamia Dar ikafunguliwa 1897, mwaka huohuo alipokufa. Hospitali ile ndiyo ilikuja kuwa Princess Margaret halafu ikawa Muhimbili. Kwa hiyo jina lake limebaki ukutani na mdomoni mwa watu zaidi ya miaka 120, sadaka inayoendelea kabisa.

Sasa bibi yangu, Mungu amrehemu, yeye neno hospitali alikuwa halitumii. Alikuwa anasema "kwa masista". Mtoto ana degedege, mpelekeni kwa masista, mguu umetunga usaha, nendeni kwa masista, hata akielekezwa hospitali ya serikali yeye bado anasema kwa masista. Na alikuwa Muislamu wa kuswali tano, maulidi ya Bagamoyo hakosi. Nilimuuliza mara moja hao masista walikuwa nani, majina yao, akasema kulikuwa na mmoja mrefu, na mmoja mkali, na mmoja ana mkono mwepesi wa sindano. Basi. Huyo mwenye mkono mwepesi kamtibu bibi, kamtibu mama, labda na mimi, na hakuna mtu mtaani kwetu anayejua alizaliwa wapi au alizikwa wapi.

Hapo ndipo naanzia. Bagamoyo imetoa zawadi mbili kwenye afya ya nchi hii, moja ni ya mali na moja ni ya mikono, ile ya mali ina jina na ile ya mikono haina, na matatizo yote tunayoyalalamikia leo kwenye hospitali za dini yanatokana na ile ya pili, siyo ile ya kwanza.

Twende taratibu. Watu wakija kutalii Misheni ya Bagamoyo wanapita njia ya miembe, wanaonyeshwa mnara ambao mwili wa Livingstone ulilala usiku mmoja Februari 1874 kabla haujavushwa Zanzibar, wanaonyeshwa mbuyu ulioota na mnyororo ndani yake. Kisa cha mnyororo waongoza watalii wanakijua kwa moyo, kwamba kulikuwa na mama wa Kifaransa, Madame de Chevalier, anaendesha zahanati hapo miaka ya 1890, ana punda wake, akamfunga kwenye mbuyu kwa mnyororo, mti ukakua ukaumeza. Watu wanapiga picha mnyororo. Hakuna anayeuliza yule mama alikuwa na punda wa nini. Punda alikuwa gari lake bwana, zahanati na vijiji havikai mlango mmoja, mtu anayefuata wagonjwa anahitaji usafiri, leo tungesema ni ambulensi au bodaboda ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Na lile jengo wanamokatia tiketi ya makumbusho ni nyumba ya masista, ilijengwa 1876. Unalipa unaingia chumbani kwa masista kwenda kuangalia minyororo ya watumwa na picha za mapadri.

Hata Stanley alipopita 1871 akienda kumtafuta Livingstone kilichomkaa kichwani ni kwamba mapadri walimfungulia shampeni, na mapadri wenyewe akawakosea akawaita Wajesuiti wakati walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Shampeni imeingia kwenye historia. Waliokuwa wanafua bandeji nyuma ya nyumba hawakuingia.

Na hawa wanawake ukiwafuatilia wana habari nzito kuliko shampeni. Masista wa kwanza waliofika upande wetu hawakutoka Ulaya moja kwa moja, walitoka kisiwa cha Réunion, huko huko Bahari ya Hindi, wakatua Zanzibar 1860 pamoja na padri Fava, wakaanzisha hospitali Unguja kabla misheni ya Bagamoyo haijaanza 1868. Shirika lao, Mabinti wa Maria, lilianzishwa 1849. Sasa weka hiyo tarehe vizuri: Réunion utumwa ulifutwa Desemba 1848, watu zaidi ya 60,000 wakaachiwa huru kwa mkupuo, hawana ardhi, hawana daktari, wazee wao wametupwa. Miezi michache baadaye binti wa kizungu wa pale kisiwani, Aimée Pignolet de Fresnes, anaanzisha shirika la masista linalopokea wasichana weupe na weusi waliotoka utumwani, wanakaa nyumba moja, wanavaa nguo moja, na kazi yao ni kuwauguza hao waliotupwa. Kwa wakati ule ilikuwa ni kashfa. Halafu miaka 11 baadaye shirika hilohilo linashuka Zanzibar ambako soko la watumwa liko wazi, tena lilibaki wazi mpaka 1873. Mimi naona hili ndilo lingetakiwa liandikwe kwenye kibao pale getini, mnyororo wa punda ukafuata baadaye.

Lakini tusiandike kama watu wa shukrani tu, uchambuzi siyo mahubiri. Ile misheni haikuwa peponi. Watoto walinunuliwa sokoni, kweli wakakombolewa, lakini wakaingizwa kwenye maisha ya kengele, kengele ya kuamka, kengele ya shamba, kengele ya sala, na wakikua wanaozeshwa na kupewa kibanda kwenye kijiji cha uhuru ambacho uhuru wake ulikuwa na mipaka yake. Na kwenye ugonjwa kulikuwa na jambo ambalo wazee wa pwani walilijua na likawafanya waogope, mtoto akiwa mahututi sista anambatiza kimyakimya, kwake yeye anamuokoa roho, kwa mama Muislamu aliyekaa nje ya mlango hayo ni mengine kabisa. Ukimwambia mzee wa Dunda kwamba hospitali za misheni zilikuja kwa upendo mtupu atakuambia upendo ulikuwepo na ndoano ilikuwepo, na atakuwa hajakosea.

Pia na wakunga wetu. Kabla ya masista mwanamke wa Kizaramo au Mkwere alijifungua kwa mkunga, ana somo wake, ana dawa zake, ana mtu wa kumkanda siku arobaini. Zahanati ilipokuja ilimpa mwanamke sindano na mkasi safi na ikamnyang'anya yule mtu wa kumkanda. Kilichopatikana ni kikubwa zaidi, sibishi, mama aliyetokwa na damu nyingi hapati msaada kwa kukandwa. Ila kilichopotea kilipotea.

Na hapa kuna kituko ambacho watu wengi hawakijui. Kwa muda mrefu masista wenyewe walikuwa hawaruhusiwi kuzalisha. Roma iliona mtawa mwenye nadhiri ya useja hana shughuli na uzazi, kwa hiyo unaweza kuwa na sista anayefunga vidonda, anayetoa kwinini, anayeng'oa jino, lakini mama mwenye uchungu akifika sista anatakiwa arudi nyuma. Katikati ya nchi ambazo wanawake wanakufa na mimba! Huko Uganda Mama Kevin, Mfransisko wa Kiayalandi, alichoka na hiyo sheria, 1921 wakaanza kufundisha wasichana ukunga pale Nsambya wakiwa na daktari mwanamke ambaye hakuwa mtawa, Evelyn Connolly, yaani akatafuta njia ya pembeni. Roma ililegeza Februari 1936 kwa waraka wa Constans ac Sedula, ukasema sasa masista wanaweza kusomea udaktari na ukunga wakiwa na vyeti halali. Kwa hiyo leba za misheni unazozijua, zile zenye sifa ya usafi na nidhamu, zimekuja baada ya wanawake wenyewe kusukumana na wakubwa wao miaka mingi. Watu wanadhani utii wa mtawa ni kukaa kimya. Sivyo hata kidogo.

Sasa turudi kwenye hesabu maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

Hospitali yoyote duniani, iwe ya serikali iwe ya padri iwe ya Muhindi, gharama kubwa siyo jengo wala siyo dawa, ni watu. Jengo unajenga mara moja. Dawa unanunua, ikiisha unanunua. Lakini mtu wa kukaa na mgonjwa saa 9 usiku unamlipa leo, kesho, mwezi ujao, mwaka ujao, na likizo unampa, na akizaa unampa miezi yake. Hospitali za misheni zilizokuwa za bei chee enzi za bibi zilikuwa na siri moja, yule mtu wa saa 9 usiku alikuwa halipwi. Sista kaapa ufukara, anakula jikoni kwa jumuiya, analala chumba cha pembeni mwa wodi, hana mume wa kumuuliza mbona umechelewa, hana ada ya shule, na hata pale mshahara ulipokuja kuwepo unakwenda kwenye shirika na shirika linaurudisha kwenye hospitali au linasomeshea novisi, wale wasichana wanaojiandaa kuwa masista. Piga hesabu masista 6 kwa miaka 40, mishahara ya usiku na mchana, sikukuu na Idi na Krismasi. Hiyo pesa ambayo haikuchukuliwa ndiyo ruzuku iliyokuwa inatibu watu kwa bei ya kuku mmoja. Haikuandikwa kwenye daftari lolote la hesabu kwa sababu hakuna risiti ya mshahara ambao haukutolewa.

Ndiyo maana nasema Sewa Haji alitoa wakfu wa mali na masista walitoa wakfu wa mwili. Wakfu wa mali sisi Waislamu wa pwani tunauelewa vizuri, nyumba ya wakfu, shamba la wakfu, kisima. Unajenga, unaandika jina, unaondoka duniani, thawabu inakufuata. Ila wakfu wa mali haumgeuzi mgonjwa kitandani. Na hapa nadhani ndipo penye jibu la lile swali linalozunguka vibarazani kila mwaka, kwa nini Wakristo wana mahospitali kila kona na sisi hatuna. Wengine wanasema ni upendeleo, wanataja ule mkataba wa 1992 kati ya serikali na makanisa uliozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, na kwamba pesa ya wote inakwenda kwa baadhi. Manung'uniko hayo yana historia, siyo ya kubeza, jumuiya yetu ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, iliyokuwa inajenga shule ilipigwa marufuku 1968 na hakuna aliyetufidia. Lakini serikali ilikwenda kusaini na aliyekuwa na vitanda tayari. Na vitanda alikuwa navyo kwa sababu alikuwa na wanawake wasiolipwa. Sisi hatukuwahi kuwa na shirika la wanawake wanaoweka maisha yao yote wodini bila mshahara, dini yetu haina mfumo wa useja na sitaki iwe nao, kwa hiyo tukitaka hospitali lazima tulipe watu kuanzia siku ya kwanza, na hiyo ni ghali, basi. Tukikubali hilo tutaacha kujenga majengo tupu yenye kibao kizuri na kufuli mlangoni, nimeyaona mawili matatu mimi, sitaji.

Kilichotokea baadaye kinajulikana. Azimio la Arusha lilichukua mabenki na viwanda, shule za misheni nyingi zikachukuliwa, ila hospitali za misheni nyingi ziliachwa mikononi mwa wenyewe, na 1977 sheria ilipozuia hospitali za biashara zile za dini zikaendelea maana hazikuhesabiwa kuwa za faida. Zikapewa hadhi ya hospitali teule sehemu ambazo wilaya haikuwa na hospitali yake, Muheza kwa Waanglikana kule Tanga ni mfano, mgonjwa wa Muheza anasema naenda Teule, neno Mtakatifu Augustino wala halimtoki mdomoni. Uuguzaji ukawa unakwenda hivyo, serikali inatoa ruzuku na watumishi wa kuazima, kanisa linatoa menejimenti, na masista ndio gundi katikati. 1991 biashara ya hospitali ikaruhusiwa tena, 1993 serikali yenyewe ikaanza kuchangisha wagonjwa. Na wakati huohuo masista wa Ulaya wanazeeka, Ulaya hakuna tena wasichana wa kuingia utawani, na misaada iliyokuwa inakuja na kontena la mashuka na mikasi ikapungua.

Masista wa Kiafrika wakachukua nafasi, na wamefanya kazi kubwa, wengine leo ni madaktari bingwa na wakurugenzi. Lakini hesabu yao siyo ile ya zamani. Sista wa Uswisi alikuwa na mji mzima nyuma yake unaomchangia. Sista wa Morogoro au Kilimanjaro nyuma yake kuna mama yake mwenye shamba la mahindi na wadogo wanaotafuta ada. Shirika lake linahitaji ule mshahara wake kweli kweli ili wazee wao wale. Kwa hiyo ile ruzuku isiyoandikwa imekauka kidogo kidogo bila kutangazwa, na nafasi zikajazwa na manesi wa kawaida, watu wenye familia na kodi ya nyumba, ambao wana haki yote ya kulipwa. Bei ikapanda. Na sisi tunasimama dirishani tunasema "kanisa nalo limekuwa biashara".

Nilisema hivyo mimi mwenyewe. Mtoto wa dada yangu alilazwa siku nne kwenye hospitali moja ya misheni, siitaji na wala siyo ya hapa, bili ikaja tukaitazama kama tumeandikiwa na adui, nikamwambia mhasibu maneno ambayo leo nayaonea haya, kwamba Yesu alikuwa anatoa risiti? Mhasibu alikuwa kijana tu, akanyamaza. Sista mmoja mzee akatoka chumba cha nyuma akakaa pembeni yangu akanionyesha bili mstari kwa mstari. Kulaza, dripu, vipimo, dawa, na mstari wa huduma ya uuguzi. Akaniambia mwanangu huu mstari wa mwisho zamani haukuwepo, zamani ulikuwa ni mimi. Sikuwa na la kusema. Tukalipa nusu, nusu tukaandikiana, na kiukweli tulichelewa miezi mitano kuimalizia.

Watu wa bima nao wana lao. Hospitali inatibu leo inalipwa baadaye, fomu zinakatwa, kitita kipya cha NHIF 2024, yaani orodha ya huduma na bei ambazo bima inalipa, kilivyoleta mvutano na hospitali binafsi mpaka wagonjwa wakawa wanarudishwa getini tuliona wote. Mfanyabiashara anayecheleweshewa malipo anafunga duka moja anafungua jingine. Hospitali ya masista haina duka jingine.

Kuna upande mwingine wa huu urithi ambao mimi ndio unaniuma zaidi, neno "wito". Uuguzi ni wito. Tumelisikia hili mpaka basi, linasemwa kwenye kila mahafali ya chuo cha uuguzi na kila Mei 12 siku ya wauguzi duniani. Limetoka wapi? Limetoka kwa masista. Vincent wa Paulo alipoanzisha Mabinti wa Upendo na Louise de Marillac huko Paris 1633 aliwaambia monasteri yao ni nyumba za wagonjwa na ukuta wao ni barabara za mji. Waprotestanti nao wakawa na wao, Florence Nightingale mwenyewe, yule mama wa uuguzi wa kisasa, alijifunza kwa mashemasi wanawake wa Kaiserswerth Ujerumani kabla ya vita ya Crimea, na pale vitani baadhi ya manesi wake walikuwa masista Wakatoliki. Waingereza wakabaki na neno sister kwa nesi mkubwa wa wodi, sisi tukalipokea, na ndiyo maana leo ukiingia wodi yoyote Tanga au Bagamoyo unamsikia mgonjwa anamwita "sista!" dada aliyevaa hijabu, ana mume na watoto watatu, jina lake Mwanahamisi. Hakuna anayeona ajabu. Neno limeshasahau lilikotoka.

Lakini halijasahau kila kitu. Limebaki na ile dhana kwamba mwenye jina hilo hachoki, hali, hadai. Mwanahamisi akidai posho ya usiku anaambiwa uuguzi ni wito. Akiwa peke yake na wagonjwa 30 zamu nzima anaambiwa wito. Akimjibu mgonjwa vibaya saa 11 alfajiri tunamrekodi na simu tunasema manesi wa siku hizi hawana wito, siyo kama masista. Ndugu yangu, sista hakuwa anatoka zamu anawahi daladala ya kwenda Magomeni kupika. Sista alikuwa na jumuiya inampikia. Wito wake ulikuwa na jiko, kitanda, mganga akiugua na kaburi akifa, vyote vimelipiwa na shirika. Unamtaka Mwanahamisi wito wa sista bila kumpa jiko la sista, huo ni unyonyaji tu tumeuvalisha shela nyeupe.

Naongeza jambo moja ambalo ndugu zangu Wakatoliki hawalipendi. Hospitali zao hazitoi sindano ya uzazi wa mpango wala kijiti, ndio imani yao. Panapokuwa na vituo viwili mjini hakuna shida, mwanamke atavuka barabara. Pale ambapo hospitali ya dini ndiyo pekee kwa kilometa nyingi, mwanamke mwenye watoto saba anaambulia kuhesabu siku kwenye kalenda. Ukisifia masista na hili uliseme.

Halafu kuna yale yasiyotazamiwa. Wakapuchini wa Uswisi waliingia nchini 1921 na masista wa Baldegg, wakaweka hospitali ya Mtakatifu Fransisko Ifakara, mahali pa mafuriko na malaria. Kwa kuwa palikuwa na masista, palikuwa na kitanda, taa na mtu wa kumpokea mgeni, na ndiyo maana 1949 mtafiti Rudolf Geigy wa Basel alipofika akapata pa kuanzia, miaka ya 1950 ikajengwa maabara, maabara ikakua ikawa taasisi ya Watanzania, taasisi ikafungua tawi hapa kwetu Bagamoyo. Watoto wachanga 340 wa Bagamoyo walishiriki jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S ambalo matokeo yake yalitoka 2008, na kwenye jaribio kubwa la nchi saba za Afrika Bagamoyo ilikuwemo na Korogwe ya Tanga ilikuwemo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, chanjo ya kwanza ya malaria duniani. Sisemi masista waligundua chanjo. Nasema mwanasayansi naye anahitaji mahali ambapo pamelala mtu usiku na taa haijazimwa, na Ifakara hiyo taa ilikuwa ya nani tunajua. Ukienda makaburi ya wamisionari pale Misheni ukaona umri wa waliolala, wengi malaria iliwachukua vijana kabisa, utaelewa kwa nini naona hilo duara ni la ajabu.

Bagamoyo sasa imekuwa jimbo kamili la Kanisa, tangu 2025. Jimbo jipya likianza huwa watu wanachangishana, kuna nyumba ya askofu, kuna kanisa kuu, vyote vina vibao na majina ya wafadhili, na si vibaya. Kama wangeniuliza, na hawataniuliza maana mimi ni mtu wa msikiti wa pili, ningesema changisheni mfuko wa mishahara ya manesi. Mfuko wenye mtaji, unaowekezwa, faida yake inalipa zamu za usiku tu. Na sisi upande wetu tufanye hivyohivyo, wakfu wa mishahara, wala hakuna fatwa ya kuzuia. Najua ugumu wake. Nani atachangia kitu kisichopigwa picha? Ukijenga wodi unakata utepe. Ukilipa nesi wa usiku miaka 20 unakata nini.

Mdogo wangu wa kike ni nesi. Alianza kazi kituo cha masista akiwa ametoka chuo, mshahara mdogo lakini walimfundisha kazi mpaka mkono wake ukawa mwepesi, wagonjwa wanamsubiri yeye. Mwaka jana majina ya TAMISEMI yalitoka na lake limo, kapangiwa mkoa wa mbali, mshahara karibu mara mbili, na pensheni. Hakuna wa kumlaumu, mimi mwenyewe ndiye niliyemnunulia begi. Alipokwenda kuaga sista mfawidhi alimpongeza, akamsainia fomu zake za makabidhiano moja moja, funguo za kabati ya dawa, kipima presha, mkasi, kisha akavuta ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani akatoa kalamu akaanza kufuta jina lake. Ijumaa usiku, Jumamosi usiku, Jumatatu usiku. Mdogo wangu anasema alisimama pale anaangalia, alidhani sista ataandika jina la mtu mwingine, lakini kwenye zile nafasi zote tatu sista aliandika jina lake mwenyewe. Ana miaka 67.